Jenabu Daktari, Tunaomba Ukae

Kwa jenabu, mtukufu, Daktari Bingwa wa Upasuaji wa Moyo,
katika hospitali ambayo adabu yanizuia kuitaja,
Nairobi.

Sabalkheri, jenabu. Kama barua hii imekufikia jioni, masalkheri. Na kama imekufikia usiku, baada ya kutwa nzima ya kuinamia vifua vya watu vilivyo wazi, basi pole sana kwa kazi. Iweke kando hadi kesho. Sisi kungoja tumekuzoea. Tumekuhitimu kwenye mabenchi ya ghorofa yenu ya chini.

Marehemu baba yangu alikuwa mwandishi wa barua. Si mwandishi wa vitabu, la. Alikaa barazani Lamu, ubao magotini, akawaandikia wasiojua kuandika: nahodha mwenye haja kwa tajiri wake, mjane mwenye haja kwa Bwana DC, kijana mwenye haja ambayo haikufaa kutajwa mbele za watu. Kwake nilijifunza kwamba barua ya kwenda kwa mkubwa ina ngazi, na ngazi hazirukwi. Kwanza jenabu. Kisha salamu, na zisiwe za mkono wa birika. Kisha uulize hali ya mkubwa na ya waliomzunguka, hata kama huwajui. Kisha umsifu kwa jambo alilolifanya kweli, maana sifa ya uongo mkubwa huinusa kabla hajavunja bahasha. Kisha uandike "wa baadu". Hapo ndipo haja huingia, na iingie kwa mlango wa uani, viatu imevua.

Basi naanza kupanda. Hali yako, jenabu? Hali ya nyumbani? Hali ya wale wanafunzi wako sita, hasa yule mfupi aliyekuwa akiandika kila ulichokohoa? Hali ya mgongo wako, ambao niliona unaushika ukidhani hakuna anayekutazama? Wodini, jenabu, hakuna kitu kisichotazamwa. Mgonjwa hana kazi nyingine.

Sasa sifa, na hizi sikuzitia sukari. Wodi nzima yasema mkono wako hautetemeki. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alifungua vifungo vya shati lake ukumbini, mbele ya watu, akanionyesha kovu lililoshuka wima kama mstari wa rula, akaniambia, "Huyu ndiye aliyenirudisha." Sikuwa nimemuuliza. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu. Mtu anayeweza kumsimamisha mwenziwe moyo, akamshonea mlango mpya ndani yake, kisha akauambia moyo uanze tena nao ukatii, huyo mimi simwandikii kumfundisha kazi. Hilo liwe wazi tangu mwanzo.

Nashukuru vilevile kwa zile dakika nne. Nilizihesabu kwa saa ya ukutani, si kwa ubaya. Saa yenyewe yaning'inia juu ya kitanda cha pili na sikuwa na pengine pa kutupia macho. Ilikuwa Jumanne, saa tatu kasoro dakika kumi. Ulikuja na msafara. Ulisimama miguuni pa kitanda, ukapokea faili, ukawasomesha wanafunzi kwa Kiingereza kizuri sana. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, alikuwa amelala akiisoma midomo yako kama mtu anayesoma jina la jahazi lililo mbali. Kisha ukanigeukia mimi. Ukanieleza, kwa Kiingereza kilekile, kuhusu vali, kuhusu figo zake na sukari yake, kuhusu mtu mmoja kati ya kumi, kuhusu upasuaji wa Alhamisi. Ukauliza kama nina swali. Nilikuwa bado nayatafuta maneno nawe ukaligusa blanketi, juu ya mguu wake, ukaenda kitanda cha pili.

Mguso ule aliupenda. Alisema, "Ana mkono mzuri, si baridi." Nakufikishia kama alivyosema.

Wa baadu.

Kabla ya kuleta haja yangu, jenabu, sina budi kuungama, kwa sababu mtu hawezi kumwomba mkubwa anawe mikono hali ya kwake ina masizi. Msafara ulipopita Mama aliniuliza, "Asemaje?" Nikamjibu, "Asema mlango wa moyo umechoka, watautengeneza. Daktari ni hodari sana." Basi. Hayo ndiyo niliyoyatoa katika yote uliyonipa. Baina ya maneno yako na tafsiri yangu alipotea mtu mmoja kati ya kumi, na aliyempoteza ni mimi.

Nina miaka ishirini ya kusomesha Kiswahili shule ya upili huko Mombasa. Si maneno yaliyonipungukia. Nilimtazama mamangu na ile kanga aliyojifunika kichwani kwa sababu ya baridi ya Nairobi, nikaona siwezi kulisema neno hilo mbele yake mchana kweupe. Nikamwachia daktari. Na daktari, kwa heshima zote, alikuwa ameniachia mimi.

Saa tano akaja muuguzi, binti mpole mwenye kazi nyingi kuliko mikono, na karatasi na kile kidude cha wino. Akamshika Mama kidole gumba. Hakuna aliyemuuliza kama aweza kuandika. Mama yangu amesomesha chuo, kile cha Kurani, katika kisiwa cha Pate kwa zaidi ya miaka arubaini. Watoto waliopita mbele ya mkeka wake wengine ni makadhi. Akauvuta mkono wake pole pole, akaomba kalamu. Kalamu ikaletwa. Akaitazama karatasi, ya Kiingereza kuanzia juu hadi chini, akairudisha kalamu juu ya meza, akasema jambo ambalo alilisikia maisha yake yote kwa mumewe: barua nisiyosomewa siitii sahihi.

Faili yake, jenabu, imeandikwa kwamba mgonjwa amekataa upasuaji. Niliiona Jumatano ilipoachwa wazi mezani. Naomba radhi kwa kuchungulia. Mama yangu hakukataa upasuaji. Aliomba asomewe. Ni mambo mawili, na mwandishi wa barua yeyote wa barazani angeyatenganisha kwa shilingi tano.

Jioni ya Jumanne ile mmoja wa wanafunzi wako alirudi peke yake. Sitamtaja, na nakuomba kwa unyenyekevu usimtafute, kwa maana alifanya kosa: alikaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo bango la ukutani lakataza. Akageuza boksi la glavu, akachora moyo nyuma yake. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kikigongana na cha Mama njia nzima kama mikokoteni katika kichochoro, lakini walifika. Akamwambia kwamba mlango wa kutokea damu kwenda mwilini una vijipande vitatu laini, na kwamba vyake vimeshika chokaa, vimekakamaa, havifunguki ila kidogo. Ndiyo maana alizirai gatini Mtangawanda akiwa na kikapu tu mkononi.

Neno lenyewe lilikuwa hilo. Chokaa! Babake Mama alikuwa mchomaji wa chokaa. Alipanga matumbawe juu ya magogo, akachoma, akaizima kwa maji, na nyumba nyingi za mawe huko kwetu zimesimama kwa kazi ya watu kama yeye. Mama aliketi kitako. Akauliza maswali mfululizo, kama fundi kwa fundi: imeshika unene gani? Yakwanguka? Haikwanguki? Basi ubomoe mlango wote utie mwingine? Kijana akacheka, akasema ndiyo, bibi, hivyo hivyo. Robo saa haikwisha, mwanamke uliyemwona amelala kama mzigo alikuwa ameuelewa ugonjwa wake vizuri kuliko mimi niliyepewa maelezo kwa lugha ya kitabu.

Wakafika kwenye mlango mpya. Kijana akasema iko ya chuma, yenye kudumu miaka mingi, lakini mwenye nayo hunywa dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Na iko ya mnyama, isiyomlazimu mtu kunywa dawa hiyo daima, ila huchakaa baada ya miaka kumi, kumi na tano. Mnyama gani? akauliza Mama. Kijana, masikini, akasema ukweli: nguruwe.

Jenabu, pakawa kimya.

Na mimi, kwa kutaka kusaidia, nikawa nimeshaisoma simuni hadithi ya ile dawa ya kuzuia damu kuganda, warfarini. Ilianzia kwa ng'ombe wa Kanada na wa kaskazini mwa Marekani, miaka ya 1920, waliokula majani makavu yaliyovunda wakavuja damu hadi kufa. Wanakemia wa Wisconsin, chini ya Karl Link, wakaisaka sumu iliyomo. Mwaka 1948 warfarini, iliyoundwa kwa mfano wa sumu hiyo, ikauzwa madukani kuwa sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kuwa dawa ya watu. Nilimsimulia haya nikidhani ni ajabu njema ya elimu. Mama akanitazama, akamtazama kijana, akasema, "Yaani niliyoletewa ni haya, nichague nguruwe au sumu ya panya?"

Tulicheka mpaka kitanda cha tatu wakatunyamazisha. Lakini lile ni swali, jenabu, na lina majibu. Vali hutengenezwa pia kwa ngozi laini inayofunika moyo wa ng'ombe. Hilo kijana alilikumbuka akiwa ameshafika mlangoni, akarudi kulisema. Na kuhusu nguruwe, wako maulamaa wengi walioruhusu penye dharura, na Mama hilo alilijua kabla yetu sote; hakutaka fatwa, alitaka kujua tu ni nini kitakachokaa ndani yake. Na ile dawa yataka damu ipimwe mara kwa mara, na mboga za majani asile leo sufuria nzima na kesho asile kabisa, kwa kuwa kilichomo kwenye mchicha na kisamvu hupigana nayo. Kwa mtu wa Nairobi hilo ni usumbufu. Kwa mtu wa Pate, ambaye boti yake hungoja maji yajae ndipo ipite mkondo wa Mkanda, kipimo cha damu ni safari ya siku, na mchicha ndio kitoweo. Uliwaambia wanafunzi kwamba aina ya vali itaamuliwa palepale mezani. Huenda ndivyo inavyopasa. Ila mezani Mama atakuwa amelala.

Nirudi kwenye aibu yangu, kwa sababu haikuishia Jumanne.

Tunalo kundi la familia kwenye WhatsApp. Kaka yangu mkubwa yuko Dubai, ndiye mwenye kutuma fedha, kwa hiyo sauti yake huingia na uzito wake. Wadogo wangu wako Mombasa na Malindi. Mama mdogo yuko Lamu. Usiku ule niliwaandikia kwamba katika kila wagonjwa kumi tisa hupona. Kaka akaandika: apasuliwe, naleta tikiti. Asubuhi, sijui shetani gani alinipitia, nikamweleza mama mdogo kwa simu kwamba katika kila kumi mmoja hufa. Akaangua kilio. Akasema mrudisheni mtu wetu nyumbani. Hesabu ni ileile! Baadaye nilisoma kwamba jambo hili lilipimwa zamani: mwaka 1982 mtafiti Barbara McNeil na wenzake, Amos Tversky akiwa mmoja wao, waliwapa watu hesabu moja ya operesheni ya saratani ya mapafu kwa ndimi mbili, wengine wakiambiwa kati ya 100 wanaishi 90, wengine kati ya 100 wanakufa 10. Walioambiwa wanaoishi waliipenda operesheni kwa wingi zaidi. Na waliopimwa hawakuwa wagonjwa peke yao. Madaktari walikuwamo, nao waliyumba vilevile. Nalitaja hilo kwa faraja yangu mwenyewe.

Basi tukapiga kura. Naandika haya uso ukiwaka. Watu tisa, saba wakasema apasuliwe, wawili wakasema arudi. Tukashukuriana kwa umoja. Mama alikuwa hatua nne kutoka niliposimama nikiandika "Alhamdulillahi tumekubaliana", akimenya chungwa. Hayumo kwenye kundi. Simu yake ni ile ya vitufe.

Alinijua kwa uso. Aliniambia, "Mmemaliza?" Nikasema, "Tumemaliza nini, Mama?" Akasema, "Kunigawa."

Usiku huo ndipo nilipokaa chini nikamwambia yote. Kumi, na yule mmoja. Figo. Kwamba kifua hufunguliwa kwa msumeno na mfupa hutiwa waya. Kwamba asipopasuliwa, vidonge vitampunguzia maji mwilini na kumpa pumzi kiasi lakini mlango havitaufungua; na kwamba mtu wa ugonjwa huu akishaanza kuzirai na kukosa pumzi, mara nyingi hahesabiwi miaka mingi, miwili, mitatu. Nilidhani atalia. Alisikiliza kama anavyomsikiliza mtoto akisoma sura, akingoja kosa. Kisha akauliza, na nimeyaandika maswali yake kwa mpangilio wake, kwa sababu hakuna hata moja nililokuwa nalo mimi.

Aliuliza: nikipasuliwa, nitasujudu baada ya muda gani? Mfupa wa kifua ukiwa mbichi mtu hawezi kujiegemeza mikononi; anajua, alikwisha kumwona mwalimu yule wa kovu akiinuka kitini kwa kujibembea. Nilimwambia wiki nyingi, huenda miezi miwili, mitatu. Akasema ataswali ameketi, si neno, alitaka kujua tu.

Aliuliza: Maulidi ya Lamu imebaki miezi miwili. Mjukuu wangu atasoma. Nikingoja mpaka ipite ndipo nije, nitakuwa nimejidhuru kiasi gani? Hili, jenabu, sikuweza. Kwa aliyekwisha kuzirai, miezi miwili yaweza kuwa si kitu, na yaweza kuwa ndiyo yote. Ni wewe tu unayeweza kumwambia, na ukimwambia ataelewa.

Aliuliza kama ni kweli iko njia ya kupitishia mlango kwenye mshipa wa paja pasipo kupasua kifua, kwa maana mwanamke wa kitanda cha pili amesikia kwa mwanawe. Ni kweli. Daktari Alain Cribier aliifanya mara ya kwanza kwa binadamu huko Rouen, Ufaransa, mwaka 2002. Hufanywa sana kwa wazee ambao kisu kina hatari kwao. Kama Mama hafai kwa njia hiyo, au yamfaa ila bei yake yatushinda hata tukiuza boti yetu, tungeomba hilo lisemwe. Kaka yangu atauza mengine. Au hatauza. Lakini isiwe habari ya kuokotwa kwa kitanda cha pili.

Aliuliza: nisipopasuliwa, nitakufa vipi? Kwa kukosa pumzi kama mtu anayezama, au ghafla? Na kama ni kwa kukosa pumzi, kuna dawa ya kutuliza? Nilimwambia madaktari wa tiba shufaa wanajua kuituliza hali hiyo, na Mombasa wako. Akaitika kwa kichwa. Nadhani hilo ndilo jibu lililomlaza usingizi.

La mwisho aliuliza kama anayeulizia nauli. Nikifa mezani mtanizika wapi? Nikamwambia tutakupeleka Pate. Akapiga hesabu kwa sauti: gari usiku kucha hadi Mokowe, boti, maji yajae. Akasema ni mbali mno kwa maiti na gharama ni ya bure, makaburini Kariokor hapo kuna Waislamu wenziwe, tumwache kwao. Na tukibisha atatuapiza.

Sasa, jenabu, nimefika uani na haja yangu, viatu mkononi.

Iko Sheria ya Afya ya mwaka 2017. Bila shaka waijua kuliko mimi. Hukai kwenye kiti kile bila kuijua. Kifungu chake cha 8 chasema mgonjwa aelezwe hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida zake, hatari zake, gharama zake, na haki yake ya kukataa pamoja na matokeo ya kukataa. Na kwamba, inapowezekana, aelezwe kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Huhitaji mwanasheria kunionyesha yale maneno "inapowezekana". Nimeyaona. Ni maneno mapana, gari lenye abiria laweza kupita. Lakini Kiswahili, jenabu, ndiyo lugha ya taifa kwa katiba yetu, na nilikusikia ukikizungumza vizuri sana kwenye lifti, ukimkemea mtu wa maegesho kwa simu. Ulikuwa fasaha. Ulitumia hata methali. Nikajiambia, basi inawezekana.

Sikuitaja sheria kwa kutisha. Mwandishi wa barua wa barazani hatishi mtu, angepoteza wateja. Naitaja kwa sababu nimeisoma mara nyingi nikaona kuna jambo haikuliandika, na hiyo ndiyo haja yangu yote. Haikuandika kwamba daktari akae.

Tunaomba kiti, jenabu. Si cha kwetu. Tunaomba wewe ukae.

Nalijua neno lako la kwanza: muda. Wagonjwa ni wengi, mabingwa ni haba, na kila dakika uliyo wodini kuna kifua kinachongoja. Ni kweli tupu na sina la kujibu isipokuwa dogo. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, walichapisha habari ya daktari wa upasuaji aliyewatembelea wagonjwa wake, wengine akiwa amesimama, wengine amekaa. Muda aliowapa waliokaliwa haukuzidi. Lakini wao walidhani amekuwa nao muda mrefu zaidi, na waliridhika zaidi. Kwa hiyo zile dakika nne zako, ukizikalia, huenda zikatosha. Sisi hatuombi ya tano.

Na mimi nitakaa kando. Hili naahidi mbele ya wasomaji wote. Sitatafsiri. Neno likiwa gumu mtalipasua wawili ninyi, mnavyo visu. Kaka yangu amekubali kutopiga simu saa hiyo, ingawa kukubali kwake kumechukua siku mbili na maneno ambayo siwezi kuyaweka kwenye barua yenye heshima. Mama mdogo amekubali kulia baadaye.

Ukiniuliza Mama ataamua nini, sijui. Naapa. Siku mbili za mwanzo nilitaka sana apasuliwe. Sasa kuna saa nataka na kuna saa nataka tumpandishe basi usiku huu huu, akaamke kwenye joto. Mwenyewe hasemi. Nilimbana juzi, tukiwa tumetoka naye wodini, tumefikia kwa jamaa zetu South C, akinikata vitunguu kwa sababu hawezi kukaa bure. Akasema, "Nitamjibu aliyeniuliza." Nikasema hakuna aliyekuuliza. Akasema, "Basi."

Tumepangiwa kurudi kwako Jumanne ijayo, kitanda kilekile wakituwekea. Kiti kiko chini ya dirisha, cha plastiki, cha buluu; mguu mmoja umeyumba, nimeutilia karatasi iliyokunjwa, sasa umesimama vizuri. Nitakisogeza mapema kabla ya msafara. Nitakiweka upande wa kulia wa kitanda, kwa sababu sikio lake la kushoto halisikii, jambo ambalo halimo kwenye faili.

Amenituma nikuambie pia usishtuke akianza yeye. Mtu akikaa karibu yake hawezi kuingia katika maneno ya moyo na chokaa kabla ya kumuuliza hali. Atakuuliza habari za mama yako, kama yu hai, na kama ni mzima. Jibu lolote litampendeza.

Wasalaam,
mimi mtumishi wako,
mwanawe mgonjwa wa kitanda cha kwanza, aliyeandikwa kwamba amekataa.